Swali Nililoulizwa Kwihara

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii niliichukua pamoja na sanduku langu nilipopanda gari la moshi Dar es Salaam, mwezi wa Januari 1999, kwenda Tabora kusomesha Kiswahili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, shahada yangu mbichi mkononi, na yakini moja ambayo leo nikiikumbuka hunitia haya: kwamba mimi ndiye mgeni wa methali, na kwamba kuna wenyeji watakaopona kwa kunipata. Nimezaliwa Unguja. Lahaja ya mji wetu ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Nani basi angenifundisha mimi Kiswahili, na zaidi huko bara ya mbali, ambako nilidhani lugha imefika juzi tu, kwa redio na kwa siasa?

Msomaji ataniwia radhi kwa majivuno hayo. Ninayataja kwa sababu siku ninayotaka kuihadithia ndiyo iliyoyaondoa, na mtu hawezi kueleza alichopoteza bila ya kukiri kwanza kwamba alikuwa nacho.

Safari kwa gari la moshi ni ya kiasi cha kilomita 840. Reli ilijengwa na Wajerumani. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa iliifuata jirani njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Burton na Speke, walioongozwa na watu wa pwani na kubebewa mizigo na Wanyamwezi, walifika Kaze, ndiyo Tabora ya zamani, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne ya kutembea. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 akafika mwezi wa Juni, na mwendo huo ukahesabiwa kuwa wa haraka. Mimi nilikwenda siku moja na usiku wake, na nilipoteremka stesheni niliwalalamikia walionipokea kwamba kiti kilikuwa kigumu.

Walionipokea walikuwa watu wema. Tabora ni mji uliozoea wageni na uliozoea walimu. Mwalimu Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937, na aliporudi kutoka Makerere alisomesha hapo hapo, katika skuli ya Mtakatifu Maria. Hakuna aliyeniona kuwa ni ajabu. Wanafunzi walicheka niliposema "skuli" badala ya "shule", nami nikacheka nao, na baada ya wiki mbili wakawa wananiigiza kwa siri wakidhani siwasikii. Nilikula ugali na kisamvu, nilijifunza kuisubiri asali ya miombo, nikazoea kulala bila ya kusikia bahari. Hayo yote yalikuwa mepesi. Lililokuwa zito lilinifika siku ya tano, sokoni, nalo lilikuwa ni neno moja tu.

Nilikuwa nimenunua karanga kwa mama mmoja aliyekaa chini ya mwembe. Nilipomkabidhi fedha yake alizipokea kwa mikono miwili akasema, "Wabeja."

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka 1984, nami nikiwa na miaka kumi na mbili. Alikaa Dole, kwenye mashamba ya karafuu, na likizo zote za utoto wangu nilizipitisha kwake. Alikuwa na neno moja alilolitumia yeye peke yake. Ukimletea maji ya kunywa, ukimtungia uzi kwenye sindano, ukimshika mkono ashuke kibarazani, alisema, "Wabeja." Nilimwuliza maana yake. Akaniambia, "Ni neno la mama yangu," na hakuendelea. Nilipomwuliza mjomba, alinijibu kwa ukali ambao sikuuzoea kwake: "Hilo si neno. Bibi yako amekuwa mtu mzima, ulimi umemchoka. Sisi ni Washirazi." Nami, kwa kuwa mtoto humwamini anayesema kwa nguvu, niliamini kwamba wabeja ni sauti tu, kama kikohozi.

Hapo sokoni nilimwuliza mwalimu mwenzangu niliyefuatana naye. Akasema, "Ni ahsante. Kinyamwezi." Kisha akaendelea kuchagua nyanya.

Nilikaa na jambo hilo miezi saba bila ya kumwambia mtu. Sikuwaonea haya wenyeji wangu. Walikuwa wamenitendea mema mno. Nadhani nilijionea haya mwenyewe. Nilikuwa nimekuja kama Mswahili halisi, mwenye lugha ya kugawa, na neno lile lilikuwa likinigongea mlango usiku na kuniuliza: wewe umekuja, au umerudi? Sikutaka kufungua.

Sasa niieleze siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Agosti 1999. Mwalimu wa historia alikuwa amepanga kuwapeleka kidato cha tatu Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 na ambalo baadaye lilijengwa upya na kufanywa makumbusho. Usiku wa kuamkia siku hiyo alifikwa na msiba. Mkuu wa shule akanijia nyumbani na kuniomba niongoze mimi. "Wewe ni mtu wa Zanzibar," alisema, "mambo ya misafara unayajua." Nilikubali. Kisha nikakaa mpaka usiku wa manane nikisoma kwa taa ya chemli vitabu vya mwenzangu, maana mambo ya misafara nilikuwa siyajui hata kidogo.

Mwenzangu alikuwa ameandaa zoezi moja, nami nikaliacha kama lilivyo. Mzigo wa mpagazi, kwa wastani, ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32 hivi; na hiyo haikuhesabu chakula chake, kibuyu chake na chungu chake. Debe moja la mahindi lina uzito unaokaribia frasila moja. Basi tulitia madebe mawili ya mahindi katika gunia, tukalifunga, na wanafunzi arubaini na tatu wakaambiwa walifikishe gunia lile Kwihara, kwa akina mama waliokubali kutupikia. Ilikuwa ruhusa kupokezana. Haikuwa ruhusa kulikokota.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Wavulana wa mbele walilichukua gunia kwa kichwa na kwa kicheko, mpaka mmoja wao akakumbusha kwamba Wanyamwezi walibeba begani. Wakalishusha begani. Kicheko kilipungua. Kila baada ya dakika chache mtu alisema "pokea", na sauti ya neno hilo ilizidi kuwa fupi kadiri jua lilivyopanda. Wasichana walidai zamu yao na wakaipata. Kwa kuwa si adabu mwalimu kuangalia tu, nami nilibeba. Nilifika umbali wa miembe sita. Naikumbuka idadi kwa sababu niliihesabu. Sikuwa na kitu kingine ninachoweza kukifikiri isipokuwa mwembe unaofuata.

Miembe hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua. Watu wa misafara waliipanda miembe katika vituo vyao, na hata leo anayetaka kujua walipita wapi huangalia ilipo. Tulipopumzika kivulini niliwaeleza nilichokisoma usiku: kwamba Wanyamwezi hawakuanza safari kwa kuitwa na watu wa pwani, bali walikuwa wakishuka pwani na pembe zao kabla ya misafara ya Waarabu na Waswahili kuanza kupanda, kwamba waliondoka baada ya mavuno na kutaka kurudi kabla ya mvua za kupandia, kwamba upagazi ulikuwa kazi ya ujira na ya heshima, na kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Waliyapenda hayo. Mmoja alisema, "Kumbe babu zetu ndio waliokuwa malori," na wengine wakampigia makofi.

Nami, nikisema, nilikuwa nikijisikiliza. Kama ni hivyo, basi lugha niliyodhani nimewaletea ilikuwa imefika Unyanyembe kwa miguu zaidi ya miaka mia moja kabla yangu. Haikuletwa na mwalimu. Ilikuja begani pamoja na merikani, kaniki na ushanga, na katika walioibeba, wengi walikuwa wenyeji wa hapa hapa, walioizungumza kambini usiku na watu wa makabila kumi na kuirudisha pwani ikiwa imekomaa. Watu wa Unguja tuliipa lafudhi. Mbio zake ilizipata njiani.

Tulifika tembe. Ni nyumba pana ya udongo, paa lake sawa, vyumba vyake vimeuzunguka ua. Mzee aliyekuwa akiitunza alitukaribisha kwa upole, akatuonyesha vyumba, kisha akaniachia nafasi nizungumze. Nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, wanafunzi wakakaa chini mbele yangu, gunia la mahindi limelazwa katikati yao kama mgonjwa.

Nilizungumza vizuri, naweza kusema hivyo bila ya kujisifu, kwa kuwa ilikuwa ni mazungumzo ya kukariri. Niliwaambia kwamba Stanley aliondoka hapa tarehe 14 Machi 1872, na Livingstone akabaki mpaka mwezi wa Agosti akiwasubiri watu aliotumiwa kutoka pwani. Niliwaambia habari za Mtemi Mirambo, aliyeifunga njia na kuushambulia mji wa Tabora mwaka 1871. Niliwaambia kwamba Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake wakapita nao Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874. "Hawa majina yao tunayajua," nilisema. "Wapagazi wengine maelfu kwa maelfu hatuwajui." Nikafurahi na sentensi hiyo. Nikauliza kama kuna maswali.

Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, Tippu Tip ni wa kwenu?"

Nikajibu kwamba Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alizaliwa Unguja, na nyumba yake ipo Shangani mpaka leo, nami nimepita mlangoni pake mara nyingi. Lakini baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, na alimwoa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. "Kwa hiyo," nikasema, "ni wa kwetu na ni wa kwenu." Wanafunzi walicheka. Niliona nimeruka shimo.

Msichana mmoja hakucheka. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye mwandiko mzuri, ambaye katika miezi saba alikuwa hajaniuliza swali hata moja. Alisimama, akaliweka sawa gauni lake.

"Samahani, Mwalimu. Wazee wako wewe walikuwa wanakuja huku kufanya nini?"

Nilianza kujibu kama vitabu vinavyojibu. Nilisema kwamba biashara ya pembe ilikuwa kubwa, kwamba pamoja nayo ilikuwapo biashara ya watumwa, kwamba ilikuwa ni dhuluma na ukatili, kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Yote hayo ni kweli. Tarehe, hata hivyo, ni pahala pazuri pa kujificha, na mtoto yule aliniona nilipojificha.

"Nimeuliza wazee wako, Mwalimu," alisema, kwa heshima ile ile, kisha akakaa.

Ua wote ulikuwa kimya. Mzee mtunzaji, aliyekuwa ameegemea mlango, alijifanya anaangalia paa. Nilijua kwamba naweza kusema, "Sijui," na somo likaisha, na tukaenda kula. Lakini watoto wale walikuwa wamebeba gunia kwa saa moja na nusu kwa sababu mwalimu aliwaambia wabebe. Nikaona kwamba sasa ni zamu yangu, na kwamba hakuna wa kumwambia "pokea".

Basi nikawaambia. Niliwaambia habari za bibi yangu wa Dole na neno lake. Nilipolitamka, wabeja, ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka mbele ya watu tangu nifike Tabora, na baadhi yao wakaangua kicheko cha mshangao, wakanyamaza ghafla. Niliwaambia kwamba mama yake bibi yangu alikuwa na neno hilo, na kwamba kwetu tulifundishwa kuwa si neno. Kwamba kwa hesabu ya miaka, mama yule lazima alifika Unguja akiwa mdogo, zama ambazo watu walipita njia hii kwa hiari yao na wengine walipitishwa. Kwamba katika nyumba yetu haikusemwa yeye alikuwa katika kundi lipi. Na nikawaambia pia yale ambayo ni rahisi zaidi kuyasahau: kwamba upande wa baba yangu walikuwa wenye mashamba ya karafuu, na mashamba hayo wakati ule hayakulimwa na wenyewe. "Kwa hiyo ukiniuliza wazee wangu walifanya nini huku," nilisema, "mmoja huenda alitoka huku akiwa na mzigo, au akiwa yeye mwenyewe ndiye mzigo. Na mwingine huenda ndiye aliyekuwa akiusubiri ng'ambo ya pili. Wote wawili ni wazee wangu. Siwezi kumchagua mmoja."

Nilitarajia jambo fulani litokee: hasira, au huruma, ambayo ningeichukia zaidi. Mvulana mmoja wa nyuma alisema, "Basi Mwalimu ni wa hapa," na kicheko kikarudi, safari hii chepesi. Nilishukuru. Lakini msichana yule alisimama tena.

"Mwalimu," alisema, "kwetu wanasema babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani mara nyingi, mpaka akawa na nguo na bunduki. Halafu akanunua watu wa kumlimia." Alisita. "Kijijini kwetu kuna watu wetu na kuna wale. Tunasali pamoja, tunazikana. Lakini kijana akitaka kuoa, wazee wanakumbuka. Mimi nilitaka kujua, mtu mwenye wazee wa namna hiyo, akiulizwa, anasema nini."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba swali lake halikuwa mashitaka. Nilikuwa nimesimama pale nusu saa nikijitetea mbele ya mtoto ambaye hakunishitaki. Alikuwa na mzigo wake, amekuja nao kutoka kwao, na alikuwa akitafuta mtu mzima mmoja amwonyeshe jinsi unavyobebwa. Jambo alilolisema halikuwa geni kwa wanaosoma historia. Wanyamwezi wengi waliopata mali kwa pembe na upagazi waliitumia kununua watumwa wa kulima nyumbani wao wakiwa safarini. Vitabu vya mwenzangu vililieleza katika aya moja. Lakini aya moja katika kitabu si sawa na mtoto wa miaka kumi na saba anayelisema mbele ya wenzake arubaini na wawili, baadhi yao huenda wakiwa watoto wa "wale".

Nilimjibu kwa kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kwamba mtu wa namna hiyo aseme ilivyokuwa, asipunguze wala asijipake damu ambayo hakuimwaga. Na kwamba likija suala la kijana anayetaka kuoa, yeye ndiye atakayekuwa mzee siku moja, na atakuwa na hiari ya kukumbuka au kutokukumbuka kwa namna ile. Sijui kama lilikuwa jibu zuri. Alikubali kwa kichwa, akakaa, akaandika kitu katika daftari lake.

Kisha mama mmoja aliingia uani kutuambia kwamba chakula ni tayari. Wavulana wawili wakalinyanyua gunia wakampelekea. Alilipima kwa macho, akawaangalia wale watoto walivyoloa jasho, akasema kwa sauti iliyosikika ua mzima, "Wabeja!" Wanafunzi wote arubaini na tatu wakageuka kuniangalia mimi. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na hakuna aliyeuliza machozi yale ni ya nini.

Tulikula wali na maharage, na matobolwa ambayo mama yule aliyatoa katika kapu lake mwenyewe. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikakauka. Huhifadhika muda mrefu. Wakati wa kurudi wanafunzi walitembea wakitafuna, mikono mitupu, na walikuwa na mengi ya kusema. Mmoja aliniuliza juu ya jina la Bagamoyo. Wako wanaolieleza kuwa ni maneno ya mpagazi aliyeufikia mwisho wa safari, abwage moyo wake apumzike. Na wako wanaolieleza kuwa ni ya mtumwa aliyeiona bahari akajua kwamba moyo wake anauacha nyuma. Alitaka nimwambie maelezo ya kweli ni yapi. Siku moja kabla ningelimpa darsa la sarufi. Nilimwambia kwamba wote wawili waliifika Bagamoyo kwa njia moja, mara nyingine katika msafara mmoja, na kwamba neno lina nafasi ya kuwatosha wote. Msichana yule alikuwa akitembea mbele yetu na wenzake, akisimulia kitu kwa mikono, na sikuisikia sauti yake ila kwa mbali.

Mwenzangu aliporudi kutoka msibani aliniuliza ziara ilikwendaje. Nilimwambia kwamba wanafunzi walijifunza uzito wa frasila mbili. Yaliyobaki aliyapata kwao kabla ya wiki kwisha, maana Tabora ni mji mkubwa lakini shule ni ndogo. Hakuniambia kitu. Ila tangu hapo, kila nilipompitishia chai katika chumba cha walimu, alinishukuru kwa Kinyamwezi.

Mwezi wa Disemba nilikwenda nyumbani kwa likizo. Mama alikuwa amekaa barazani, ungo mapajani, anachagua mchele. Nilikaa chini karibu yake nikamwuliza mama yake bibi alikuwa mtu wa wapi.

Mkono wake ulisimama. "Nani kakwambia?"

Nikamhadithia yote: soko, karanga, tembe, msichana. Alinisikiliza bila ya kuniangalia. Nilipofika mahali pa wanafunzi, aliniuliza walikuwa wangapi.

"Arubaini na tatu, Mama."

"Watoto wa watu arubaini na tatu," alisema, "na mjomba wako bado anadhani ni siri." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetua kitu.

Aliyoyajua hayakuwa mengi. Bibi yake alitoka Unyamwezi akiwa msichana mdogo. Alifika pwani kwa miguu, akavushwa kwa jahazi. Alikuwa akitaja mwembe mmoja, mkubwa, waliolala chini yake. Kama alikuja na baba yake katika msafara, au aliletwa na mtu mwingine, hakulisema. "Nasi hatukumwuliza," alisema Mama. "Ilikuwa aibu kuuliza."

"Aibu ya nani, Mama?"

Hakunijibu mara moja. Aliendelea kuchagua mchele, akitoa chuya moja baada ya moja na kuitupa uani kwa kuku. Kisha akanitajia jina la bibi yake, kwa sauti ya chini, na akanitaka nilirudie, ili apate uhakika kwamba nimelisikia sawasawa.